Ovaloku Haitakufunza Kushona

Wanaotaka kujifunza ushonaji nyumbani, kuanzia Suneka hadi Nyansiongo huku Gusii, huanza na swali lile lile: "Fundi, ninunue ovaloku gani?" Mama aliyeachiwa cherehani ya pedali na mama mkwe wake, nzima kabisa, huliuliza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na hajawahi kushona hata foronya huliuliza. Siku hizi huliuliza hata wanaotaka kushona kwilti, yale mablanketi ya viraka, kazi isiyohitaji ovaloku hata kidogo. Fundi anayemtakia mwanafunzi wake mema ana jibu moja: usinunue yoyote kwa sasa.

Jibu hilo huwaudhi watu. Wengine hudhani fundi anawaficha siri ya kazi. Wanaamini kwamba nguo isiyopigwa ovaloku itafumuka ikifuliwa mara mbili, na kwamba mashine hiyo ndiyo inayomtenga fundi kamili na mtu anayejaribujaribu. Matokeo yake si mageni kwa yeyote aliyezoea kutembelea nyumba za washonaji: mashine iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama imefunikwa shuka pembeni mwa sebule, na mwenyewe bado hajui kukata kola.

Imani hii imelelewa na mitumba. Nenda Daraja Mbili mjini Kisii, au sokoni Keroka, uchukue blauzi yoyote kwenye rundo na uigeuze upande wa ndani. Utakuta nyuzi tatu au nne zimezunguka ukingo wa kila mshono. Blauzi imevaliwa Ulaya miaka kadhaa, imefuliwa mara nyingi, imesafiri ndani ya beli, na bado haijaachia. Mwanafunzi anatazama zile nyuzi na kuamua kwamba nguvu ya nguo imo humo.

Nguvu haimo humo. Ovaloku ni mashine ya kuokoa muda. Hukata ukingo kwa kisu, huunganisha vitambaa na kuzungushia uzi, yote kwa mpito mmoja. Ile ya kiwandani hupiga zaidi ya mishono 5,000 kwa dakika. Kwenye viwanda vya Athi River, vinavyoshona nguo za soko la Marekani, mfanyakazi mmoja anaweza kushinda akiunganisha mabega ya fulana tu, mamia kwa mamia. Hapo kila sekunde ni hesabu, na ovaloku inastahili nafasi yake. Lakini mwanamke wa Kebirigo anayeshona gauni moja jioni baada ya kutoka kuchuma majani chai hashindani na sekunde. Anahitaji gauni limkae mtu vizuri mabegani, na hilo ovaloku hailijui.

Inafaa kujua pia mashine hii ilikotoka, maana historia yake inawahusu watu wa Gusii kuliko wanavyodhani. Ilitokana na kazi ya kampuni ya Merrow ya jimbo la Connecticut, Marekani, katika karne ya 19. Familia ya Merrow ilikuwa na kiwanda cha nguo za kufuma, na mashine yake ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa ili kuweka pindo la krosheti kwenye kingo za nguo hizo. Krosheti! Kazi ile ile ambayo akina mama wa Kisii na Nyamira huifanya kwa ndoana moja wakipamba vitambaa vya makochi. Anayeweza kuzungushia kitambaa cha meza pindo la krosheti lisilolegea tayari anayo mikononi mwake kazi ambayo mashine iliundwa kuiiga. Kinachomwangusha ni mambo mengine, na hayauzwi dukani.

La kwanza ni kukata. Chukua kipande cha poplini ya pamba chenye upana wa kiganja. Kata upande mmoja ukifuata uzi wa mtande, ulionyooka sambamba na ukingo wa kiwandani wa kitambaa. Kata upande wa pili mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Sasa sugua kingo zote mbili kwa kidole gumba. Ukingo ulionyooka utaanza kuachia nyuzi mara moja, moja baada ya nyingine. Ule wa mshazari utatoa manyoya kidogo kisha utulie, kwa sababu kila uzi pale umekatwa kwa pembe na umeshikwa na wenzake waliopishana nao. Ndiyo maana mkasi wa meno hupunguza kufumuka bila uzi wala umeme: hukata ukingo mzima kuwa vimshazari vidogovidogo.

La pili ni ubahili wa kitambaa. Kitenge ni ghali, kwa hiyo mwanafunzi huacha nusu sentimita tu nje ya mshono ili apate na mkoba juu. Nusu sentimita kwenye kitambaa kinachoachia nyuzi ni kujitafutia aibu. Acha sentimita moja na nusu. La tatu ni mshono mrefu kupita kiasi, ule unaoweza kupitisha ncha ya kalamu katikati ya hatua mbili. Kwa kitenge au kitambaa cha sare, milimita mbili na nusu kwa hatua inatosha. Nguo nyingi zinazorudishwa kwa fundi zikiwa zimeachia kwapani zimeachia kwa sababu hizi mbili. Kuzipitisha kwenye ovaloku kungezungushia uzi ukingo ambao tayari ni mwembamba mno kubeba mkono wa mtu. Na kisu cha ovaloku kingeupunguza zaidi.

Asiyeamini aigeuze jinzi yake. Mshono wa ndani ya miguu, kwenye jinzi zilizoshonwa kwa njia ya kale, hauna ovaloku: kingo zimekunjwa moja ndani ya nyingine, zikalazwa na kushonwa mara mbili. Shati zuri la kiume hushonwa hivyo hivyo ubavuni. Au atazame kofia za mkono za Lamu na Zanzibar. Ni tabaka mbili za pamba, vitundu vidogo mno vimezungushiwa uzi kimoja kimoja kwa sindano ya mkono, kazi ya wiki nyingi na mara nyingine miezi. Kingo zote zimefichwa ndani. Hufuliwa, hutiwa wanga, hupigwa pasi, huvaliwa kila Ijumaa kwa miaka.

Kwa wanaokosa fedha za ovaloku, imani hii imezaa dawa ya kienyeji ambayo ni mbaya kuliko ugonjwa: kuchoma ukingo kwa mshumaa au kiberiti cha gesi. Inafundishwa kwa majirani kana kwamba ni ujuzi. Basi na ieleweke mara moja. Poliesta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hivi za selsiasi, na ikipoa hugeuka ukingo mgumu kama plastiki. Ukingo huo huparuza shingo ya mtoto, hukatika ukikunjwa, na mara nyingi huacha doa jeusi linaloonekana kwa nje. Pamba haiyeyuki kabisa. Pamba huungua, na kitambaa kilichoungua hakina nguvu yoyote iliyobaki. Vitambaa vingi vya sare za shule ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, kwa hiyo moto huyeyusha sehemu moja na kuunguza nyingine katika sentimita ile ile. Anayefanya hivyo kwenye gauni la kitenge cha pamba analiharibu kwa mkono wake, na kama ana watoto karibu au godoro la sponji chumbani, anahatarisha zaidi ya gauni. Mshumaa si chombo cha kumalizia nguo.

Ovaloku ina mahali pake halali: kitambaa cha kunyumbuka. Fulana, traksuti za shule na nguo za ndani huvutika, na mshono wa kawaida hukatika zinapovutwa. Vitanzi vya ovaloku huvutika pamoja na kitambaa. Anayepanga kuishi kwa kushona traksuti ataihitaji siku moja. Hata hivyo mashine hiyo haiweki zipu, haitoboi tundu la kifungo, haishoni kola wala mfuko. Bila cherehani ya kawaida haikamilishi hata kaptura yenye zipu.

Kwilti ndiyo inayoonyesha wazi kabisa jinsi imani hii ilivyopotoka. Viraka huunganishwa kwa mshono wa milimita sita, kisha mshono hulazwa upande mmoja kwa pasi. Baadaye sehemu hiyo ya juu huwekwa juu ya tabaka la joto na la chini, na zote tatu hushonwa pamoja. Kingo zote za viraka hubaki zimefungiwa ndani, mahali ambapo hakuna kitu kinachozisugua. Ukizipiga ovaloku unaongeza uvimbe kwenye kila kiungo, na pembe nne zinapokutana sindano inaweza kuvunjika. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi huko Alabama, walishona kwilti zao kwa nguo kuukuu za shamba, kwa sindano za mkono na cherehani za kawaida, ili watoto wasipate baridi. Mwaka 2002 kazi hizo zilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha zikapelekwa jumba la Whitney mjini New York, na mwaka 2006 picha zake zikawekwa kwenye stempu za Marekani. Asubuhi za Nyamira zina baridi ya kutosha, na mitumba ya pamba isiyouzika imejaa.

Basi, yanayofaa kufanywa, na haraka. Fedha za kwanza ziende kwenye tepu, pasi, na mkasi usiogusa karatasi. Pasi ya makaa inatosha ikipanguswa majivu. Piga pasi kila mshono kabla ya kupitisha mwingine juu yake. Hiyo peke yake itabadilisha sura ya kazi yako kuliko mashine yoyote. Badilisha sindano baada ya saa nane hivi za kushona: namba 70 kwa vitambaa vyepesi, 80 au 90 kwa kitenge, 100 kwa jinzi, na ya ncha butu kwa vya kunyumbuka. Upande bapa wa sindano uelekee ndoana ya bobini. Cherehani inayoruka mishono mara nyingi haina ugonjwa mwingine.

Kumalizia kingo kwenye pedali isiyo na zigizaga, jifunze njia tatu. Mshono wa Kifaransa kwa vitambaa vyepesi: ukiwa umeacha sentimita moja na nusu, weka pande za ndani zikitazamana, shona milimita tisa kutoka ukingoni, punguza ziada ibaki milimita tatu, geuza, piga pasi, shona tena milimita sita, na ukingo umefungwa. Ule wa jinzi kwa suruali na sare. Ukanda uliokatwa mshazari kwa shingo na mikono, ukizungushwa na kushonwa pande zote mbili.

Mapambo yaje baada ya hapo. Anza na mshono wa blanketi wa mkono kuzunguka maua ya kitenge uliyobandika juu ya kitambaa cha rangi moja, kisha marinda, kisha shanga, zikishonwa kwa uzi maradufu na fundo kila baada ya shanga chache ili moja ikidondoka zisifuate zote. Chora kwa kipande chembamba cha sabuni ya mche iliyokauka. Alama zake hutoka kwa maji. Kwilti ya kwanza iwe ndogo, ya kitanda cha mtoto. Fua vitambaa vyote kabla ya kukata ili virudi na kuchuja rangi sasa na si baadaye, tumia blanketi kuukuu kama tabaka la kati, funga tabaka tatu kwa pini au mishono mirefu, na anza kushona katikati ukielekea pembeni.

Anayetaka mwalimu asiende mbali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti vyuo anuwai vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani; uliza ofisi ya wadi yako. Anayetaka cheti cha kazi afanye mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, inayoanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza, na hata aliyejifunzia nyumbani anaweza kuifanya. Nguo chache za kunyumbuka zipeleke mjini kwa fundi mwenye ovaloku akupigie kwa malipo kidogo kwa kila nguo. Oda za traksuti zikianza kuja mfululizo, hapo nunua ya nyuzi nne, hata iliyotumika. Nenda dukani na vitambaa vyako mwenyewe, na usilipe kabla hujaitia nyuzi zote kwa mkono wako, ukianzia ndoana na kumalizia sindano.