Mkanda kwanza, kamera baadaye

Mpiga picha wa Babati hakosi kazi. Kuna harusi, mahafali, kipaimara, ziara za viongozi, na wageni wanaotaka picha wakiwa wameupa mgongo mlima Kwaraa. Zote hupigwa kwa kamera za dijitali au simu. Ila katikati ya vijana wa fani hii umeingia ugonjwa mpya: wanasaka kamera kuukuu za mkanda. Tena si zile ndogo ambazo baba zao walitembea nazo shingoni, bali zile pana zinazokula mkanda uitwao 120.

Ugonjwa huo naujua na sina nia ya kuutibu. Picha ya mkanda mdogo ni milimita 24 kwa 36. Ya mkanda mpana, kwenye kamera za picha za mraba, ni kama milimita 56 kila upande, eneo linalozidi la kwanza mara tatu na nusu. Ukiikuza, mistari ya shuka la Mbarbaig aliyesimama hatua kadhaa mbele yako inahesabika.

Wala si lazima uwe na fedha nyingi ndipo uanze. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliishtua dunia mwaka 1984, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwishatumika, kisanduku cha bei ndogo kisicho na makuu. Alipofungua kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963 alikuwa na miaka kama 20.

Lakini Box Brownie hizo hizo ndizo zenye mtego wa kwanza. Kodak walianza kuuza mkanda wa 120 mwaka 1901, na mpaka leo unatengenezwa. Baadaye wakaleta 620, mkanda ule ule ila umezungushiwa spuli nyembamba zaidi, wakaacha kuutengeneza mwaka 1995. Brownie nyingi ni za 620. Mnunuzi mgeni anaiona kamera nzima, nzuri, bei ya kutupa, anaipeleka nyumbani, kisha mkanda unagoma kuingia. Kwa hiyo kabla ya bei uliza: inakula mkanda gani? Namba huwa imeandikwa ndani ya mfuniko.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kamera ya lenzi mbili zilizopandana, ile unayoishika kifuani na kuinamisha kichwa uone picha kwenye kioo cha juu. Lenzi ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga. Rolleiflex ya Ujerumani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1929, ndiyo mama yao, na bei yake ni ya mama. Yashica-Mat ya Japani inatosha kabisa. Seagull ya Shanghai na Lubitel ya Urusi ni za bei nafuu, na unafuu huo utauona kwenye lenzi. Mamiya RB67 ni mashine ya heshima, lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 2. Hiyo ikae studio, usipande nayo bodaboda kwenda Dareda. Pentax 6x7 bila betri haifyatui kabisa. Yashica-Mat betri yake, kwa zile zilizo nayo, ni ya kipima mwanga tu. Ikifa, programu ya simu inafanya kazi hiyo bure.

Sasa ukaguzi, na hapa ndipo pa kutoharakisha. Ukimwuliza mwenye mali, “Shikamoo mzee, hii bado inapiga?” atakujibu, “Marahaba mwanangu, inapiga vizuri tu,” wala hatakuwa amekudanganya. Amebonyeza, amesikia mlio, basi. Wewe fungua mgongo wa kamera, weka kasi ya sekunde 1, fyatua huku ukitazama kupitia lenzi. Vipande vya shata vifunguke, vikae sekunde nzima, vifunge. Mafuta yakiwa yamegandamana ndani, sekunde 1 inageuka 3, au shata linabaki wazi kabisa. Jaribu kasi zote, polepole hadi haraka. Kile kijiti cha kujipiga mwenyewe kwa kuchelewesha usikiguse: kwenye shata za zamani hukwama, na kikikwama shata zima limekwama mikononi mwako.

Halafu washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma. Vumbi kidogo si neno. Babati bila vumbi si Babati. Unachotafuta ni kuvu, nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui ndani ya kioo. Kamera iliyokaa miaka Tanga au Unguja imevuta unyevu wa bahari, iangalie mara mbili.

Kamera nyingi zinazouzwa mtandaoni hutoka Japani, na Mtanzania aliyewahi kuagiza gari huko anaijua michezo ya picha safi na maelezo mafupi. Dai picha ya lenzi iliyomulikwa na video ya shata. Kwenye hesabu weka usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18.

Bado hujala hasara. Hasara iko kwenye mkanda. Kamera ya mraba inatoa picha 12 kwa mkanda mmoja, RB67 inatoa 10. Ng'ambo mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe ni kama dola 7 hadi 10 kabla ya usafirishaji. Ndiyo maana nasema anza na nyeusi na nyeupe, maana unaweza kuusafisha mwenyewe nyumbani, usiku, kwa tangi dogo. Hata dawa ya kusafishia inapikika: mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake katika chuo cha Rochester, Marekani, walionyesha kuwa kahawa ya unga inayoyeyuka na magadi ya kufulia husafisha picha. Siku hizi watu huongeza vitamini C. Kwa lita 1 ya maji: gramu 54 za magadi makavu, 16 za vitamini C, 40 za kahawa, dakika 15 kwenye nyuzi 20. Africafé ya Bukoba inafaa. Magadi ya sokoni yanayotoka kwenye maziwa yetu yana chumvi na uchafu, vipimo vyake havitabiriki; nunua yaliyosafishwa. Harufu ya mchanganyiko huo itakugombanisha na wa nyumbani. Fiksa, dawa inayoifanya picha isiendelee kula mwanga, haina mbadala wa jikoni wa kuaminika, iagize.

Jingine: lenzi hizi hazivuti. Ukienda Ziwa Babati, kiboko atatoka nukta nyeusi majini, na usithubutu kumsogelea ili awe mkubwa. Piga mitumbwi, piga wavuvi kwa ruhusa yao. Jua likiwaka, mkanda wa kasi 100 weka tundu 16 na shata 1/125.

Mwisho, kabla hujatoa fedha, hakikisha ndani kuna spuli tupu upande wa kupokelea. Bila hiyo mkanda wa kwanza hauna pa kujizungusha, na Babati hutaipata dukani. Isipokuwemo, punguza bei, au mwambie muuzaji akaitafute kwanza.