Tanzia, kinaya na mizani: Shakespeare si mgeni kwetu

Watoto wetu wanaosoma England hukutana na Shakespeare mapema, kwani mtihani wa fasihi wa GCSE, unaofanywa wakiwa na miaka kama 16, unadai angalau tamthilia yake moja. Kwa wengi huwa ni Macbeth. Mtoto anarudi nyumbani na orodha ya istilahi, na wazazi wengi tunamjibu kuwa hayo ni ya mwalimu. Hapo tunajidhulumu, na mtoto tunamnyima msaada uliomo nyumbani.

Istilahi hizo zina majina kwa Kiswahili. Mchezo unaomshusha mtu mkubwa hadi maangamizi ni tanzia. Aristotle wa Ugiriki aliuchambua zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akaeleza kuwa mhusika wake haanguki kwa uovu mtupu bali kwa kosa. Macbeth ni shujaa wa vita. Kinachommaliza ni tamaa ya ufalme.

Mfalme Duncan anafika kwenye ngome ya Macbeth na kuisifu hewa yake. Watazamaji wanajua kuna njama ya kumwua humo, yeye hajui. Hicho ni kinaya. Baadaye Macbeth, akiwa peke yake jukwaani, anaona jambia hewani na kusema yaliyo moyoni mwake. Huo ni uzungumzi nafsia.

Kwenye mizani ndiko tuna mtaji mkubwa zaidi. Aliyelelewa na mashairi yetu anajua mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, wenye vina vya kati na vya mwisho. Mshororo wa Shakespeare kwa kawaida una mizani 10, mara nyingi hauna vina, nao hutembea kwa mkazo: silabi nyepesi kisha nzito, mara tano. Wachawi katika Macbeth hutumia mishororo mifupi yenye vina, kama maneno ya uganga. Mkewe Macbeth naye, anapotembea usingizini akijisugua mikono, mizani imemtoka. Anasema kwa nathari. Akili imevunjika, na shairi limevunjika pamoja nayo.

Hapo ndipo penye alama za mtihani. Kutaja jina la istilahi hakutoshi. Mwanafunzi aeleze inafanya kazi gani.

Wazee wetu walishaipita njia hii. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa Rais, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968.

Basi ndugu wasomaji, mtoto akija na orodha yake tusimkimbie. Tumwombe asome mishororo kwa sauti, tuhesabu mizani pamoja, tumuulize kwa nini imebadilika. Atafaidika katika Kiingereza chake, na Kiswahili nacho kitabaki nyumbani.