Springi Hujua Umbali, Shokapu Hujua Kasi

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Kilwa Masoko anayefanya kazi Dar es Salaam, ameniuliza swali ambalo nimelifurahia kuliko mengi. Ana Subaru Impreza WRX. Kila sikukuu huiendesha hadi nyumbani, na mara nyingine hufika Lindi mjini kwa wajomba zake. Sasa anataka pia kuiingiza katika mbio za lami za kupimana muda, kama wafanyavyo wenzetu wa Kenya. Fundi amemshauri anunue koilova, yaani seti ya springi na shokapu inayorekebishwa urefu, achague springi ngumu kuliko zote dukani, kisha alishushe gari mpaka tairi ziguse matao. Je, afuate ushauri huo?

Hapana. Na sababu ya hapana hiyo imo ndani ya kifaa ambacho watu wengi hawajawahi kukiona kikiwa kimefunguliwa.

Kwanza barabara yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni takriban kilomita 450. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kwa miaka mingi kuwa tope la kulaza mabasi njiani kabla hakijapata lami. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake zikaikata barabara hiyo katika maeneo kadhaa ya wilaya ya Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Anayepita leo hukutana na lami nzuri, viraka, matuta na rasta vijijini, na kingo za madaraja zisizolingana na lami. Akichepuka Nangurukuru kuelekea Liwale, lami inaisha kabisa.

Katika mazingira hayo, imani kwamba gari gumu ndilo gari la kasi haina msingi. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Subaru Impreza, nduguye gari la msomaji wetu. Gari lile lilikuwa limeinuliwa, si kushushwa, na magurudumu yake yalipewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Ugumu unalipa pale tu ambapo ardhi ni laini, kama kwenye viwanja vya mbio vya Kyalami kule Afrika Kusini au Dubai Autodrome. Tairi hushika barabara inapoigusa. Ikiwa hewani haishiki kitu, hata iwe ya bei gani.

Tupige hesabu kidogo. Chukua kona moja ya gari, gurudumu moja na kilo 300 zinazolilalia. Springi ya kawaida ya gari la aina hii, ikipimwa pale gurudumuni, tuseme inahitaji nguvu ya nyutoni 25,000 ili ijikunje mita moja. Uzito wa gari peke yake unaikunja karibu sentimita 12, na mwili wa gari ukisukumwa utacheza juu chini kama mara 1.45 kwa sekunde. Magari mengi ya mbio za lami hucheza mara 2.5 au zaidi. Ili kufika hapo ugumu wa springi lazima uwe karibu mara tatu, kwa sababu marudio huongezeka kwa kipeuo cha pili tu cha ugumu. Sasa angalia kinachotokea: springi hiyo ngumu inakunjwa na uzito wa gari sentimita 4 tu. Gurudumu likifika kwenye shimo la sentimita 6, springi inalisukuma chini sentimita 4, kisha haina tena cha kusukuma. Linabaki linaning'inia. Huo ndio ushikaji barabara uliolipiwa fedha nyingi.

Kuna madhara mengine ambayo watu hawayatarajii. Wengi hubadilisha springi na kuacha shokapu zilezile. Tuseme shokapu za zamani zilitosha kutuliza gari kwa uwiano wa 0.3, ambapo 1 ndiyo kiwango cha gari kutulia bila kuchezacheza hata mara moja. Kwa uwiano huo, mruko ukimaliza duru moja unabaki asilimia 14 ya ukubwa wake. Ukiweka springi ngumu mara tatu, uwiano unaporomoka hadi 0.17, na duru moja inaacha asilimia 34. Gari limekuwa gumu na bado linarukaruka zaidi. Anayekata springi kwa msumeno ili gari lishuke ananunua tatizo hilohilo, kwani springi yenye mizunguko michache ni ngumu zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Springi ina ujuzi mmoja tu: umbali. Ukiikunja sentimita tatu inakurudishia nguvu ileile, iwe umeikunja kwa sekunde nzima au kwa kufumba na kufumbua. Haiwezi kujua kama gari linalala kwenye kona au limegonga tuta. Shokapu ina ujuzi tofauti. Ukiibana polepole kwa mikono inakubali, ukiipiga ghafla inakataa. Inachojua ni kasi. Na kasi ndiyo inayotofautisha barabara na uwanja wa mbio.

Gari likiingia kona kwa nguvu, mwili wake hulala sentimita 4 upande mmoja kwa muda wa kama nusu sekunde. Pistoni ndani ya shokapu inatembea sentimita 8 kwa sekunde. Sasa chukua tuta la sentimita 5 linalopanda ndani ya nusu mita, na gari linakuja kwa kilomita 80 kwa saa kwa sababu dereva hakuliona. Gurudumu linapandishwa sentimita 5 ndani ya sekunde 0.0225. Hiyo ni kasi ya mita 2.2 kwa sekunde, zaidi ya mara 27 ya kasi ya kwenye kona. Mambo mawili tunayotaka yashughulikiwe kwa namna tofauti yanajitofautisha yenyewe.

Tatizo ni kwamba shokapu ya kijinga huongeza ukinzani sambamba na kasi. Ukiitaka ishikilie gari imara kwenye kona, tuseme kwa nyutoni 400 kwa ile kasi ya sentimita 8 kwa sekunde, basi kwenye tuta la ghafla itakataa kwa nyutoni 11,000. Uzito wa kona yote ya gari ni kama nyutoni 3,000. Kwa hiyo shokapu haipokei tuta, inalipitisha lote kwenye mwili wa gari. Kona nzima inanyanyuliwa, mgongo wa dereva unaumia, tairi inaachana na lami.

Tunachohitaji ni shokapu inayofanya kama nahodha mzuri wa jahazi. Mfikirie akitoka Kilwa Kivinje kwenda Songo Songo wakati wa kusi, demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, ikiwa mkononi. Upepo ukiwa wa kutulia anaikaza demani, tanga linajaa, chombo kinakata maji kikiwa kimelala kwa kiasi alichokitaka yeye. Hapo mkono wake hautoi hata shubiri, kwani akilegeza kila pumzi ya upepo tanga litapigapiga na chombo hakitakwenda popote. Ghafla unakuja upepo wa mkupuo. Nahodha hashindani nao. Anaiachia demani ikimbie, tanga linamwaga upepo, chombo kinayumba kidogo tu. Upepo ukipita anaivuta tena, lakini haraka kwa kadiri, asije akalijaza tanga kwa kishindo na kukitikisa chombo upya. Mwanafunzi wake hukosea kwa njia mbili. Ama anaifunga demani kwenye mbao aende kupumzika, na mkupuo wa kwanza unakipindua chombo. Ama anaishika kwa mkono mlegevu safari nzima, na chombo kinatangatanga. Shokapu ngumu ya bei rahisi ni demani iliyofungwa. Shokapu iliyochoka ni mkono mlegevu. Nahodha mwenyewe ana busara: hushika nguvu ndogo ya kudumu, huachia nguvu kubwa ya ghafla.

Uzuri ni kwamba busara hiyo inaweza kutengenezwa kwa chuma na mafuta tu, bila waya hata mmoja. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayosafiri katika mafuta. Pistoni ina tundu dogo sana lililo wazi daima, na matundu makubwa yaliyofunikwa na rundo la washa nyembamba za chuma. Uso wa pistoni umechongwa kwa kina kidogo, hivyo washa zikikazwa zinakuwa tayari zimepinda na zimeubana uso huo. Pistoni ikienda polepole, mafuta yote hulazimika kupita kwenye tundu dogo, na ukinzani unapanda haraka. Hapo gari limeshikwa, kona inapita. Kasi ikizidi kiwango fulani, shinikizo la mafuta linazishinda washa, zinapinda kama kwa amri moja, matundu makubwa yanafunguka na ukinzani unaacha kupanda kwa ukali. Pale ambapo shokapu ya kijinga ingetoa nyutoni 11,000, hii inaweza kutoa 2,000. Fundi wa mbio huamua yote hayo kwa kuchagua unene wa washa. Ugumu wa washa hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo washa ya milimita 0.2 ni ngumu mara nane kuliko ya milimita 0.1. Tofauti ambayo jicho haliioni mezani inageuza tabia ya gari zima. Sijui kifaa kingine cha bei ya kawaida chenye akili nyingi hivi ndani ya sehemu chache hivi.

Tabia hii inastahili jina, kwani msomaji hawezi kudai dukani kitu kisicho na jina. Nilifikiria "ulegezaji", lakini huo unaashiria mtu anayelegeza kwa mkono. "Mwachio" ungefaa, ila unasikika kama kitu kimeachwa moja kwa moja. Nimekubaliana na "mlegeo": shokapu ya mlegeo ni ile ambayo ukinzani wake unapanda upesi mwanzoni kisha unalegea. Mafundi wakipata neno bora nitalipokea.

Kampuni kadhaa zimeifanyia kazi fikra hii kwa njia zao. Koni wana shokapu waziitazo FSD, na Öhlins wana vali waliyoipa jina DFV, zote zikitafuta kuachia mishtuko ya haraka na kushika mwendo wa polepole. Lakini hata shokapu nzuri huharibiwa na joto. Kila mruko unaotulizwa hugeuka joto ndani ya mafuta. Kwenye vijituta vinavyofuatana vya njia ya Liwale, joto halipati mahali pa kukimbilia. Mafuta yakichanganyika na hewa yanakuwa povu, na povu halina ukinzani. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alilitatua hilo kwa kutenga gesi yenye shinikizo nyuma ya pistoni ya pili inayoelea, ili mafuta yabaki yamebanwa na yasitoe mapovu. Shokapu za silinda moja za leo zinatumia wazo lake.

Vijituta hivyo navyo vina hesabu yake. Gurudumu lenyewe, likiwa katikati ya springi na tairi, hucheza karibu mara 13 kwa sekunde. Vijituta vikiwa umbali wa mita moja, gurudumu la gari linalokwenda kilomita 47 kwa saa linapigwa mara 13 kwa sekunde, na kila pigo linaongeza la kabla yake. Ndiyo maana dereva wa njia hizo huona kwamba gari linatetemeka vibaya kwa mwendo wa wastani na kutulia akiongeza. Shokapu iliyochoka hapo haifai kitu.

Kuhusu mengine nitasema kwa haraka. Stabilaiza nene kidogo ya nyuma ni ununuzi mzuri, kwa sababu hufanya kazi gari linapolala na hukaa kimya magurudumu yote mawili yanapopanda tuta pamoja. Bushi zilizokufa zibadilishwe kabla ya chochote, na alaimenti ipimwe baada ya kila kazi. Bima na ukaguzi wa trafiki ni vya kuuliza kabla ya kufunga.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kilwa, acha springi za mara tatu. Ongeza ugumu kwa asilimia 30 basi. Marudio yatapanda kutoka 1.45 hadi 1.65 kwa sekunde, na springi itabaki na sentimita 9 za kulifuata gurudumu shimoni. Usilishushe gari. Fedha iliyobaki, na iwe nyingi, itie kwenye shokapu za silinda moja zenye mlegeo, ambazo unaweza kuzikaza siku ya mbio na kuzilegeza kabla ya safari ya Somanga.

Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuonyeshe mchoro wa ukinzani dhidi ya kasi wa shokapu anayokuuzia. Mstari ukipanda kisha ukajikunja, nunua. Ukipanda moja kwa moja hadi juu, au muuzaji akiwa hana mchoro, nenda duka jingine.