Mario Party: Mchezo uliosifiwa kwa wengi, ukakosolewa kwa mmoja

MJINI Kisumu, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, mchezo wa video si starehe ya mtu mmoja. Katika vibanda vya mitaa kama Kondele na Nyalenda, vijana hulipia kila pambano, huku wanaongoja zamu wakikaa nyuma ya wachezaji na kuwashangilia au kuwakejeli.

Kwa mwenye kibanda, kununua mchezo mpya ni kuhatarisha mtaji, hivyo maoni ya wahakiki yana uzito. Hata hivyo, maoni hayo yahitaji kusomwa kwa makini, kama unavyoonyesha mkasa wa Mario Party, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Hudson Soft na kutolewa na Nintendo nchini Japani mwezi Desemba 1998, kisha Marekani Februari 1999.

Mchezo huo ulikuwa wa mashine ya Nintendo 64, yenye nafasi ya vidhibiti vinne. Wachezaji wanne hurusha dadu kwa zamu na kuzunguka ubaoni wakitafuta nyota. Kila duru inapokwisha, hushindana katika mojawapo ya michezo midogo zaidi ya 50. Mara nyingine kila mtu hujipigania. Mara nyingine wawili hukabili wawili, au watatu humwandama mmoja.

Wahakiki wengi waliusifu kwa kicheko na ushindani unaozuka marafiki wanapokutana. Lakini walisema kuwa mtu akicheza peke yake huchoka upesi, kwa kuwa hulazimika kungojea zamu za wapinzani wanaoendeshwa na mashine.

Lawama ya pili ilihusu bahati. Mchezaji aliyeongoza tangu mwanzo aweza kupokonywa nyota zake, na nyota za ziada zinazotolewa mwishoni zaweza kupindua matokeo. Wazee wa Nyanza waliozoea ajua, bao la Waluo, wangeielewa lawama hiyo: katika ajua hakuna dadu, na anayeshindwa hana wa kulaumu ila hesabu zake. Upande mwingine, bahati ndiyo inayompa mgeni tumaini la kumshinda bingwa, na bila tumaini hilo wengi hawangeketi kucheza.

Jambo zito zaidi halikuwa la burudani. Baadhi ya michezo midogo ilidai kuzungusha kijiti cha kidhibiti kwa kasi. Watoto walitumia kiganja badala ya kidole gumba, wakatoka malengelenge na michubuko. Malalamiko yalipofika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Nintendo ilikubali mwaka 2000 kuwapa wateja wa Marekani glavu za kujikinga, hadi nne kwa kila nyumba. Gharama ilikadiriwa kuwa huenda ingefikia dola milioni 80.

Mchezo huo ulipotolewa upya mwaka 2022 kupitia huduma ya intaneti ya Nintendo, uliambatana na onyo la kutozungusha kijiti kwa kiganja.

Funzo kwa mwenye kibanda ni wazi. Alama za mhakiki aliyecheza peke yake chumbani hazitoshi kuupima mchezo wa umati. Yampasa kuuliza umechezwa na wangapi, mshindi hupatikanaje, na vidhibiti, pamoja na mikono inayovishika, vitadumu kwa muda gani.