Bwawa Hulinda, Lakini Nalo Lataka Mlinzi

Sisi tukaao Epulu twaujua mto wetu. Mvua zikinyesha siku nyingi mfululizo msituni, maji yake hugeuka rangi ya udongo na kupanda ukingoni, kisha hushuka upesi kwenda kuungana na mto Ituri. Ndipo wanafunzi hutuuliza: je, lingejengwa bwawa la kuzuia mafuriko, si tungelala salama? Swali ni jema, nalo lastahili jibu lisilo la haraka.

Kazi ya bwawa la namna hiyo si kuufunga mto kabisa. Kazi yake ni kuyapokea maji mengi yajayo kwa siku chache, kuyaweka, na kuyaachilia polepole. Kwa hiyo hapana budi pawepo nafasi tupu kabla ya masika. Chungu kilichokwisha kujaa hakipokei kitu. Na hapo ndipo penye ugumu: mwenye mitambo ya umeme hupenda bwawa lijae, bali mkulima wa bondeni hupenda lisijae.

Tutazame mto Rufiji, nchini Tanzania. Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza mwaka 2019, na maji yakaanza kujazwa Desemba 2022. Kusudi lake kubwa ni umeme, megawati 2,115, lakini watu waliahidiwa pia kwamba litapunguza mafuriko. Mwaka 2024 mvua zilizidi sana. Maji yalifunguliwa, na mwezi wa Aprili mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti zikafunikwa. Wengine walililaumu bwawa. Wakuu wa serikali wakajibu kwamba mto ule umefurika tangu zamani, na kwamba pasipo bwawa hasara ingalizidi. Jambo moja ni wazi kwa wote: ukuta ulisimama imara, na hata hivyo watu walihama. Basi, bwawa hupunguza hatari, haliiondoi.

Lakini ukuta usiposimama, msiba huwa mwingine kabisa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika jimbo la Nakuru, nchini Kenya, bwawa la shamba lililojengwa kwa udongo lilipasuka baada ya mvua nyingi. Maji yalishuka kwa ghafula juu ya vijiji vilivyokuwa chini yake, yakaua watu zaidi ya 40, na miongoni mwao watoto wengi. Bwawa lile halikujengwa kwa ajili ya mafuriko, lakini lilileta gharika ambayo mvua peke yake isingaliweza kuileta.

Ukuta wa udongo huwa na adui wawili. Wa kwanza ni maji yapitayo juu yake, kwani huula udongo mpaka ukuta ukatike. Kwa sababu hiyo huwekwa njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada, nayo yapasa isizibwe na magogo wala majani. Wa pili ni maji yapenyayo ndani, akifuata mashimo ya wanyama na mizizi ya miti iliyooza. Maji yatokayo chini ya ukuta yakigeuka tope, ni dalili kwamba udongo wa ndani unachukuliwa. Mtoto achungaye mbuzi aweza kuiona dalili hiyo kabla ya fundi. Basi na afundishwe kwenda kusema.

Kwa hiyo jibu letu kwa wanafunzi ni hili. Mtakaposikia habari za bwawa, msiulize kimo cha ukuta tu. Ulizeni: ni nani ataacha nafasi kabla ya mvua? Ni nani atakagua ukuta kila mwaka? Na usiku wa hatari, ni nani atawaamsha walalao bondeni?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Penye bwawa, asiyeziba ufa huenda asibaki na mtu wa kumjengea.