Mlio wa Giaboksi Usihukumiwe kwa Haraka

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa Land Rover ni nini. Magari ya Series III, yaliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985, yamebeba karafuu, mbao, wagonjwa na waheshimiwa, na yale yaliyosalia yangali yakihitajiwa pale ambapo gari jingine hukwama. Leo twapenda kuzungumzia maradhi mamoja mashuhuri ya magari hayo, nayo ni mlio wa giaboksi. Au, kwa usahihi zaidi, hukumu inayotolewa kabla ya mlio huo kusikilizwa.

Twalijua gari moja la serikali lililokuwa likipeleka wajawazito hospitali kutoka shamba. Dereva aliandika katika fomu maneno mawili tu: giaboksi mbovu. Gari likawekwa chini ya mwembe kungojea giaboksi nzima kutoka Bara. Masika ikapita, vuli ikapita, na kina mama wakawa wanapandishwa pikipiki usiku. Siku moja akafika fundi mzee kwa shughuli nyingine kabisa, akaazima betri, akaomba ufunguo. Hakufungua hata nati moja. Aliliendesha gari hatua mia mbili, akatoa gia hali gari linakwenda, akasikiliza. Kisha akalala chini na kuitikisa propela kwa mkono. Krosi ya nyuma ilikuwa imekauka grisi na kuliwa na kutu. Giaboksi ilikuwa nzima.

Alilolifanya mzee yule si uganga. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma na gia haikuingizwa, mguu ukiwa nje ya klachi, shafti ya kuingilia na shafti ya chini ndani ya giaboksi huwa zinazunguka. Mlio ukisikika hapo, na ukanyamaza pindi klachi ikanyagwapo, basi beringi za shafti hizo ndizo za kushukiwa kwanza. Ikiwa ni kinyume chake, yaani kimya kinavunjika mguu unapokanyaga, lawama ni ya beringi ya klachi, na giaboksi haina kosa.

Baada ya hapo ndipo gari liingizwe barabarani. Katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja bila ya kuielemea shafti ya chini. Kwa hiyo gari linalolia katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha likatulia katika ya nne, limekwisha kusema lenyewe palipo na maumivu. Lakini mlio usiobagua gia, unaofuata kasi ya magurudumu na kuendelea hata gia ikitolewa, hutoka nyuma zaidi: katika transfa, propela, difu au beringi za magurudumu. Jaribio hilo lifanywe mahali tambarare pasipo na watu, na injini isizimwe. Si la kufanywa katika miteremko ya Pemba.

Oili nayo ina ushahidi wake. Giaboksi ya gari hilo huchukua kiasi cha lita 1.5, na transfa lita 2.5, kila moja na mahali pake pa kupimia. Baina yao mna sili, nayo ikichakaa oili huhama upande mmoja kwenda wa pili bila ya tone kuonekana chini. Dereva apimaye upande mmoja tu hudhani mambo ni salama. Oili ikimwagwa, itazamwe: unga laini wa rangi ya majivu si wa kutisha sana, lakini vipande vinavyochoma kidole ni meno au beringi, na gari hilo lisiendeshwe tena hata safari moja, kwani beringi ya shilingi chache huweza kuviharibu vyuma vyote vilivyobaki. (Ile hila kongwe ya kutia unga wa mbao ili giaboksi inyamaze siku ya mnada twaijua, na wanunuzi nao waijue.)

Hatusemi kila gari kuukuu laweza kuokolewa. Yako yaliyokwisha kweli, na kuyang'ang'ania ni kupoteza fedha za umma. Tunalolilalamikia ni karatasi yenye maneno mawili kuhesabiwa kuwa uchunguzi, na afisa kuitia saini.

Twawaomba wakuu wa karakana wayadai mambo manne katika kila fomu ya gari linalolia: mlio unasikika gari likiwa limesimama au linakwenda, unabadilika klachi ikikanyagwa au la, unasikika katika gia zipi, na kipimo cha oili katika giaboksi na transfa. Dereva ataweza kuyajaza asubuhi moja, kabla gari halijapelekwa chini ya mwembe.