Mzee Akianguka, Kumwinua Pekee Hakutoshi

Simu nyingi za aina hii hupigwa usiku au alfajiri: nyanya ameanguka bafuni, hana jeraha, ila waliopo nyumbani hawawezi kumwinua. Ambulansi inafika, wahudumu wanamketisha kitini, naye anasema yuko sawa. Gari linarudi bila mgonjwa. Familia huhesabu kwamba mambo yameisha, lakini chanzo cha kuanguka bado kiko pale pale.

Huenda presha ilishuka alipoinuka kitandani. Kipimo cha juu kikipungua kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, anahitaji kuonwa na daktari. Wakati mwingine dawa zake za presha ndizo zinazomwangusha. Kwa anayetumia insulini, sukari huenda imeshuka chini ya 4. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo huweza kumdhoofisha na kumchanganya mzee hata bila homa.

Swali linalosahaulika zaidi ni hili: amelala sakafuni kwa muda gani? Ukizidi saa moja, hilo ni jambo zito hata kama hana mkwaruzo. Misuli iliyolaliwa huanza kuharibika, na mabaki yake yakiingia kwenye damu huweza kudhuru figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitali mara moja. Sakafu ya simiti usiku wa baridi huongeza hatari.

Aliyegonga kichwa akiwa anatumia warfarin naye asibaki nyumbani, kwani damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikaonekana siku kadhaa baadaye. Mguu mmoja ukionekana mfupi na kugeukia nje, msimwinue. Mfunikeni blanketi mkisubiri ambulansi, maana huenda nyonga imevunjika.

Wazee wengi husema "sijambo" kwa kuogopa gharama au kulazwa. Akikataa kwenda, waombeni wahudumu wampime presha na sukari kabla ya kuondoka, kisha apelekwe kliniki haraka iwezekanavyo akiwa na dawa zake zote, pamoja na za kienyeji. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu pia ajulishwe, hasa kama hii si mara ya kwanza kuanguka.